Urafiki wa Chuoni na Msiba wa Rafiki

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Bwana Katibu alipotuletea habari kwamba zamu ya kusoma hotuba imetuangukia, tulitafuta udhuru mara tatu, na mara tatu tukaukosa. Mwisho tulimkumbuka kijana mmoja wa Kiingereza, mwanachuo wa Cambridge, aliyechaguliwa kuingia katika chama cha wenziwe mwaka 1829. Sheria ya chama kile ilikuwa kila mwanachama asome hotuba zamu yake inapofika. Kijana yule alianza kuandika hotuba juu ya mizimu, lakini haya zikamshika, asiisome, na mwezi wa Februari mwaka 1830 ikambidi ajitoe. Baadaye alikuwa mshairi aliyesifiwa kuliko wote wa zama zake katika Uingereza. Sisi hatuna ushairi wa kutusitiri tukitolewa chamani. Kwa hiyo tumeona heri tusome.

Jina la kijana huyo ni Alfred Tennyson, na leo twataka kueleza habari zake na za rafiki yake, Arthur Hallam. Walakini hatukuja hapa kuwafundisha ninyi tarehe za washairi wa Kiingereza. Twataka kusema juu ya jambo ambalo sisi makarani twalijua sana na twalisema kidogo, nalo ni msiba wa rafiki tuliyesoma naye. Na kwa kuwa mtu akitaka kusema juu ya jambo la namna hii hana budi kusema kwanza lililompata mwenyewe, tutaanza nyumbani kabla ya kwenda ng'ambo.

Kila mmoja wetu aliyepata kukaa katika shule ya bweni ayajua maisha yale. Kengele hulia alfajiri, na baridi ingali nje. Mtu huteka maji, hufagia, huingia katika sala na usingizi machoni. Kisha uji, kisha masomo hata adhuhuri. Mchana jembe, jioni mpira, usiku masomo tena mpaka taa izimwe. Hapana siku iliyofanana na sikukuu, na kila siku ilifanana na jana yake. Wakati ule tulidhani kuwa maisha yetu yenyewe hayajaanza, yatangoja mpaka tutoke, tupate kazi na mshahara. Sasa twaona tulikosea. Maisha yalikwisha kuanza, nayo yalikuwa yale yale ya uji na jembe.

Sisi tulikuwa na rafiki katika shule hiyo. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa jamaa zake wapo na hatukuwaomba ruhusa. Kitanda chake kilikuwa ubavuni mwa chetu kwa muda wa miaka minne. Yeye alikuwa bingwa wa hesabu, sisi tulikuwa na bahati kidogo katika Kiingereza; basi akatufundisha hesabu, nasi tukamsahihishia insha zake, na hivi kila mmoja akafaulu kwa akili ya mwenziwe. Tulikuwa na shati jeupe moja zuri kati yetu, tukilivaa kwa zamu siku ya Jumapili. Alikuwa na desturi ya kukata kipande cha sabuni kwa uzi, akakigawa sawasawa kabisa kama mpima dhahabu, na nusu moja akamwekea mtu yeyote aliyeishiwa. Siku moja alicheka katika sala, kwa sababu ya mjusi aliyeanguka juu ya kitabu cha mwalimu, akaadhibiwa kusugua masufuria ya jikoni juma zima. Mambo yenyewe ni haya, hayana ukubwa. Twaomba myakumbuke, maana tutayarudia.

Tulipokwisha masomo tulitengana. Yeye alipelekwa kituo cha mbali, sisi kingine, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Tukaandikiana barua, mwanzo kila mwezi, kisha kila miezi miwili au mitatu. Barua yake ya mwisho ilitujia wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Tuliisoma tumesimama, tukacheka mahali palipokuwa na mzaha, tukaiweka katika mtoto wa meza tukisema, "Kesho tutamjibu." Mabwana, sisi ambao kazi yetu ni kujibu barua za watu wasiotujua, kila moja kwa namba yake na tarehe yake, barua ya rafiki yetu ilikaa mtotoni miezi mitatu. Kisha ikaja barua nyingine, kwa mwandiko tusioujua, ikisema amekufa kwa homa, na amekwisha kuzikwa.

Tulikwenda kwa mkubwa wetu wa ofisi kuomba ruhusa ya siku chache tuende matangani. Akauliza kwa upole, "Ni ndugu yako?" Tukajibu, "La, bwana, tulisoma naye." Akauliza, "Ni wa kabila lako? Ni shemeji yako?" Tukajibu, "La." Akafikiri kidogo, akasema, "Pole. Lakini ruhusa ya msiba ni ya jamaa." Hatumlaumu. Alifuata aliyoyaona yameandikwa, na kama tungalikuwa sisi katika kiti chake labda tungalisema yale yale. Tulirudi mezani, tukaingiza katika daftari barua zote zilizofika siku ile, wala hatukukosea hata namba moja.

Ndugu zetu, katika nchi yetu mtu akifiwa ana mahali pake. Mjane ana mahali pake, mjomba ana mahali pake, shangazi ana mahali pake, na watani wana kazi yao. Watu hulala chini pamoja, huliwa chakula pamoja, hata wazee wakasema kifo cha wengi arusi. Lakini rafiki wa shule ni nani matangani? Hana mkeka wake. Hata akifika, huulizwa, "Wewe ni nani wa marehemu?" naye hujibu kwa sauti ndogo, "Tulisoma pamoja." Wenyeji humkaribisha kwa heshima, humpa kiti cha mgeni, na kile kiti ndicho kinachomuuma, maana wageni tu ndio wapewao viti.

Katika siku zile za huzuni ndipo tulipokumbuka kisa cha Tennyson, ambacho tulisomeshwa shuleni tukakiona kama kitu cha kufanyiwa mtihani tu. Tukakitafuta, tukakisoma upya, na hiki ndicho tulichokiona.

Alfred Tennyson alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Somersby, naye alikuwa wa nne katika watoto kumi na wawili. Baba yake alikuwa kasisi, mtu mwenye elimu, lakini mgonjwa na mlevi, na nyumba haikuwa na raha. Mwaka 1827 alipelekwa katika chuo cha Trinity huko Cambridge. Msidhani kuwa alifurahi. Miezi michache baadaye alimwandikia shangazi yake barua ya malalamiko: yuko peke yake chumbani, nchi ni tambarare isiyopendeza, masomo ni makavu, na starehe za wenziwe ni zile zile kila siku. Nani katika sisi asiyeijua barua hiyo? Wengi wetu tuliiandika muhula wa kwanza, na wengine hatukuituma kwa kuogopa kuchekwa nyumbani.

Mwaka 1828 Arthur Hallam naye aliingia katika chuo kile. Yeye alizaliwa mwaka 1811 katika London, mtoto wa mtu maarufu, Henry Hallam, mwandishi wa historia. Alisoma katika shule ya Eton, na rafiki yake mkubwa huko alikuwa Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Basi mmoja alikuwa mtoto wa kijijini mwenye haya, na mwingine mtoto wa mjini aliyezoea kusema na wakubwa. Kwa desturi ya dunia wasingalikutana.

Lakini shule ina jambo moja ambalo dunia haina: huwakusanya watu ambao baba zao hawajuani, ikawaweka mlango kwa mlango, ikawapa kengele moja. Vijana wale wawili walipata kujuana mnamo mwaka 1829, wakawa hawaachani. Mwaka ule chuo kilitoa shindano la ushairi, na jambo lililotakiwa kutungiwa lilikuwa Timbuktu, mji wa Afrika ya Magharibi ambao wote wawili hawakupata kuuona. Wakashindana. Tennyson akapata medali, Hallam akakosa. Ninyi mwajua jinsi zawadi moja iwezavyo kuvunja urafiki wa bweni zima. Hallam hakuona kijicho. Alimwandikia Gladstone barua akisema kwamba Tennyson aelekea kuwa mshairi mkubwa kuliko wote wa kizazi chao. Na siku ya kusoma shairi lile mbele ya wakuu wa chuo, Tennyson alishikwa na haya zile zile, mtu mwingine akamsomea.

Wote wawili walichaguliwa katika kile chama tulichokitaja mwanzo, ambacho kilianzishwa mwaka 1820, na watu walikiita chama cha Mitume. Walikutana Jumamosi usiku katika chumba cha mmoja wao. Mmoja husoma hotuba, wengine humpinga, nao hula mikate iliyochomwa, yenye samaki wadogo wa chumvi kama dagaa. Twaona ya kuwa chama chetu hakiko mbali nao sana, ila chai yetu ni nyepesi zaidi. Tennyson alipojitoa, wenziwe hawakumtupa. Aliendelea kukaa nao, akiwasomea mashairi yake chumbani, mahali ambapo haya zilimwacha.

Walisafiri pamoja mwaka 1830 mpaka milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, wakichukua fedha na habari za siri za watu waliompinga mfalme wa Hispania. Hilo lilikuwa jambo la ujana, na halikufanikiwa. Lakini Tennyson hakuisahau njia ile hata uzee wake. Mwaka 1831 baba yake alikufa, na Tennyson akatoka chuoni bila kupata shahada. Hallam alizoea kuja Somersby, akampenda Emily, dada yake Tennyson, akamposa. Baba yake Hallam hakuridhika, akamkataza asikanyage kijiji kile mpaka atimize miaka ishirini na mmoja. Akangoja, akatimiza, akarudi. Naye ndiye aliyeandika kuyasifu mashairi ya rafiki yake, na ndiye aliyemsaidia katika kupigisha chapa. Aliyokuwa akiyaonea haya Tennyson, Hallam aliyafanya kwa niaba yake.

Mwaka 1833 Hallam alisafiri na baba yake Ulaya. Walifika Vienna, naye alikuwa na homa kidogo. Tarehe 15 Septemba baba yake alitoka kwenda kutembea, aliporudi alimkuta mwanawe juu ya kiti kirefu, akadhani amelala. Kumbe amekufa. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na miwili.

Barua ya kumpasha Tennyson habari iliandikwa na mjomba wake marehemu tarehe 1 Oktoba. Tazameni, ndugu zetu: zaidi ya majuma mawili Tennyson alikuwa akila, akilala, labda akicheka, na rafiki yake ni maiti. Nasi tulifanya hivyo hivyo, maana tulihesabu siku katika kalenda tukaona kwamba usiku aliokufa rafiki yetu sisi tulikuwa katika ngoma ya arusi. Wala Tennyson hakuweza kukaa kando alie, kwa kuwa ilimpasa amwambie dada yake, aliyekuwa mchumba. Yeye Emily alikuwa na jina katika msiba ule, watu wakamjua kuwa ndiye aliyefiwa. Alfred alikuwa rafiki tu.

Maiti ilichukuliwa kwa jahazi kutoka Trieste, ikachukua muda mrefu baharini, ikazikwa tarehe 3 Januari mwaka 1834 katika kanisa la Clevedon, karibu na bahari. Tennyson hakuwako mazikoni. Tena baba wa marehemu alikuwa akikusanya maandiko ya mwanawe apate kuyapiga chapa yawe ukumbusho, akamwomba Tennyson aandike habari za rafiki yake. Tennyson alijibu kwamba amejaribu, lakini ameshindwa kumtendea haki. Huyo alikuwa fundi wa maneno kuliko wote, na alipotakiwa kusema neno juu ya mtu ampendaye hakuliona. Tulipofika hapo katika kisa, tulikifunika kitabu kwanza, tukamwonea huruma. Tena kwa mara ya kwanza tukajionea huruma na sisi.

Lakini hakukaa kimya moyoni. Katika mwezi ule ule wa Oktoba 1833 alikuwa amekwisha kuanza kutunga mashairi mafupi ya maombolezo, si ya kuonyesha watu. Alitunga moja, akaacha, akatunga jingine baada ya miezi, mengine baada ya miaka. Na ninyi makarani mtapenda kusikia kwamba aliyaandika katika daftari refu jembamba la hesabu, mfano wa daftari la muuza nyama. Tangu mwisho wa mwaka 1832 mpaka mwaka 1842 hakutoa kitabu kipya cha mashairi, na watu walidhani kwamba amekwisha. Mwanzo wa mwaka 1850 daftari lile alilisahau katika kabati la vyakula, kwenye nyumba aliyopanga katika London, akawa amekwisha kuhama. Rafiki yake mwingine, Coventry Patmore, akaenda akalitafuta na kulipata. Mwaka ule ule mashairi yale yalipigwa chapa, yakiitwa In Memoriam. Ni sehemu 131, pamoja na utangulizi na mwisho. Jina la mtungaji halikuandikwa juu yake. Tangu msiba mpaka kitabu ilipita miaka kumi na saba.

Katika mashairi hayo liko moja ambalo, kwa maoni yetu, kila mtu aliyepata kusoma katika bweni yampasa alijue. Mshairi aeleza jinsi alivyorudi chuoni Cambridge baada ya miaka. Alipita katika njia zile zile, akasikia kinanda kile kile cha kanisa, mwisho akafika kwenye mlango wa chumba cha Hallam. Juu ya mlango palikuwa na jina la mtu mwingine, na ndani walikuwako vijana wakiimba na kupiga makofi. Hakuwakasirikia, wala hakubisha hodi. Alisimama akakumbuka jinsi wao walivyokuwa wakikaa mle ndani, wakishindana kwa maneno, na jinsi marehemu alivyokuwa akisema nao wote wakamsikiliza.

Hapo ndipo macho yetu yalipofunguka. Tennyson hakuzikumbuka sifa kubwa za rafiki yake peke yake. Alikumbuka mlango, na chumba, na kelele za Jumamosi usiku. Baba yake Hallam alimjua mwanawe alivyokuwa nyumbani, Gladstone alimjua alivyokuwa Eton, lakini Hallam wa vyumba vile vya Trinity hakujulikana ila kwa wenziwe wa chuoni. Nasi tukafahamu kwamba mtu akifa, jamaa zake hurithi shamba lake na nguo zake na jina lake, lakini zile siku za shule hawazirithi, kwa kuwa hawakuziona. Ziko mikononi mwa rafiki. Naye akinyamaza, sehemu ile ya marehemu yafa mara ya pili.

Basi tulipopata likizo yetu ya mwaka, baada ya miezi minane, tulifunga safari mpaka kwao rafiki yetu. Tulimkuta mama yake akianika mihogo. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akatutazama asitujue. Tukamwambia jina letu. Akasema, "Kumbe ndiwe wewe wa lile shati?" Alikuwa ameandikiwa na mwanawe habari za shati. Akatandika mkeka kivulini, akatwambia tukae, naye akakaa. Hakutupa kiti.

Tulikuwa tumetayarisha maneno mazuri ya pole, tena mengine tuliyakusanya vitabuni. Hakuyataka. Aliuliza, "Niambie, huko shuleni alikuwa akila nini?" Tukamweleza uji. "Akilala wapi?" Tukamweleza vitanda viwili, na dirisha lililovuja wakati wa masika. Tukamweleza habari ya sabuni na uzi, akafumba mkono wake kana kwamba amekishika kile kipande. Tulipofika kwenye mjusi na masufuria, alisema, "Mwanangu? Yule aliyekuwa hagusi hata sahani? Akasugua masufuria juma zima?" Akacheka, akacheka hata machozi yakamtoka, na machozi yalipokwisha kutoka yakageuka kuwa kilio, nasi tukalia pamoja naye, mchana, mbele ya mihogo. Kisha akafuta uso wake, akasema, "Endelea." Tuliendelea hata jua likatua. Miaka minne aliyokuwa haijui katika maisha ya mtoto wake tulimrudishia siku ile, kidogo kidogo, kama mtu alipaye deni.

Hatusemi kwamba huzuni yetu ilikwisha. Ile barua ya mwisho ingali nasi, na haina wa kujibiwa. Lakini tulipoondoka mzigo haukuwa mbaya kama kwanza, maana tulikuwa wawili wa kuuchukua.

Ndugu wanachama, muda tuliopewa unakaribia kwisha. Twaomba kutoa mashauri matatu, mkiyaona mema myashike, mkiyaona mabaya mtusahihishe.

Shauri la kwanza. Msimharakishe aliyefiwa na rafiki. Twapenda kuwaambia watu, "Jikaze, wewe ni mwanamume," na baada ya siku arobaini twashangaa tukiona mtu angali mzito. Tennyson alichukua miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo hakuwa mvivu wala mwendawazimu. Walakini kuomboleza si kukataa kuishi. Mwaka ule ule wa 1850 aliooa, na mwaka 1852 alipopata mtoto wa kiume alimwita Hallam. Hata Emily, aliyekuwa mchumba, aliolewa na mtu mwingine mwaka 1842, na wako waliomsema vibaya kwa hilo. Naye mtoto wake wa kwanza alimpa jina zima la marehemu. Kwetu pia jina la marehemu hupewa mtoto, basi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo na Cambridge.

Shauri la pili. Mwenzenu mliyesoma naye akifa, kama hamwezi kufika matangani, chukueni karatasi mwandike. Msiandike kwamba alikuwa mtu mwema, hilo wazazi wake walijua kabla yenu. Andikeni alivyokata sabuni. Andikeni alivyoimba vibaya, alivyoogopa giza, alivyowapa uji wake mlipokuwa wagonjwa. Mkishindwa leo, jaribuni mwaka kesho. Tennyson naye alishindwa mwanzo. Hata jambo dogo likiandikwa vema laweza kumfaa mtu msiyemjua. Mwaka 1861 mume wake Malkia Victoria alipokufa, Malkia alipata faraja katika kitabu kile, na mwaka 1862 akamwita mshairi waonane. Mashairi yaliyotungwa kwa ajili ya mwanachuo mmoja wa miaka ishirini na miwili yalimfaa mjane wa enzi.

Shauri la tatu ni la chama. Twaomba Bwana Katibu, anapopata habari ya kifo cha mwanachama, asiwaandikie jamaa peke yao, bali aulize alisoma wapi, na awaandikie wale waliosoma naye. Na pale ambapo mwenzetu aomba ruhusa kwa ajili ya rafiki, sisi tulio karibu naye tujitolee kumshikia kazi siku mbili tatu, bila kungoja sheria igeuzwe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi makarani twaweza kufaana kwa jambo hili bila kutoa hata senti moja.

Tumebakiwa na neno moja. Yule Tennyson alipokuwa akitunga, alidhani kwamba kibao cha ukumbusho wa rafiki yake kimewekwa katika sehemu ya mbele ya kanisa la Clevedon, akaandika hivyo. Hakupata kufika huko mpaka mwaka 1850, alipokwenda na mkewe baada ya arusi, ndipo akaona kwamba alikosea, kibao kiko mahali pengine. Baadaye akalibadili neno lile katika shairi. Miaka kumi na saba alikuwa akililia kaburi asilolijua lilipo.

Sisi twafanya kazi mbali na makwetu, na makaburi ya rafiki zetu yametapakaa katika vituo vingi. Labda hatutafika kwa yote. Lakini barua zao tunazo. Bwana Mwenyekiti, kama yuko hapa mtu mwenye barua ya rafiki aliye hai, iliyolala katika mtoto wa meza ikingoja kesho, twamsihi asitupigie makofi usiku huu; aende nyumbani akaijibu.